Kabla ya Jipsamu, Usingizi wa Mgeni

Ukipita Paje na Jambiani upande wa Unguja, au Diani, Watamu na Shela upande wa Kenya, kuna jambo linajirudia nyumba baada ya nyumba. Familia imeamua kupangisha wageni wa siku tatu nne chumba cha uani, au kijumba alichokiacha mzee. Fedha ya kuanzia imetoka kwenye kikoba, kwenye saccos, au kwa kijana aliye Maskati. Na kazi ya kwanza anayopewa fundi ni kushusha dari ya jipsamu yenye ngazi mbili, kuizungushia mkanda wa taa za rangi, kisha kubandika vigae vinavyong'aa mpaka mtu anauona uso wake. Hapo fedha inakuwa imekwisha. Koki ya bafuni bado inavuja, chandarua kina tundu, godoro ni lile lile la zamani, na dirisha linalotazama bahari halifunguki kwa sababu bawaba zimeliwa na kutu. Picha zinapigwa, tangazo linawekwa mtandaoni, mgeni anakuja. Usiku wa kwanza halali.

Nasema wazi kwamba mpangilio huo umepinduka. Familia yenye fedha kidogo na mikono yake yenyewe ianze na usingizi wa mgeni, maji yake na hewa yake. Urembo ungoje. Tena sehemu kubwa ya hayo matatu inaweza kufanywa na wenye nyumba wenyewe, kwa brashi, nyundo, sindano na siku chache za subira, kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na dari moja ya jipsamu. Wazee walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Biashara hii ya kupangisha kwa usiku imeupa msemo huo uzito mpya, kwa kuwa mgeni wa leo akiisha kuingia ndani huandika alichokikuta, na mgeni wa kesho husoma kabla hajalipa.

Picha huleta mgeni wa kwanza

Najua jibu nitakalopewa: picha ndiyo inayouza. Hoja hiyo ina mizizi, wala siipuuzi. Kampuni ya Airbnb, iliyoanza San Francisco mwaka 2008, ilikuwa ikisuasua hadi waanzilishi wake walipokwenda New York mwaka 2009 na kuzipiga picha wenyewe nyumba za watu waliokuwa wakipangisha. Picha zilipokuwa nzuri, mapato yakapanda. Basi kwa nini familia ya Jambiani isitengeneze kwanza kile kitakachoonekana kwenye picha?

Kwa sababu picha humleta mgeni wa kwanza, na wa kumi huletwa na maneno ya tisa waliomtangulia. Mtandao wa Airbnb humtaka mgeni, pamoja na kutoa nyota za jumla, apime usafi, mawasiliano, mapokezi, mahali, thamani ya fedha yake, na kama nyumba ililingana na tangazo. Dari ya jipsamu haimo katika orodha hiyo. Nyumba kulingana na tangazo imo. Kwa hiyo picha yenye mng'ao kuliko nyumba yenyewe ni deni ambalo mgeni atalidai asubuhi. Tuhesabu kidogo. Mwenye nyumba anayetaka kutambuliwa na mtandao huo kuwa mwenyeji bora lazima awe na wastani wa nyota usiopungua 4.8. Wageni saba wakitoa nyota tano na watatu wakatoa nne, wastani ni 4.7, na sifa hiyo imempita. Watatu tu kati ya kumi! Na hao watatu hawakuudhika vibaya, maana nyota nne kwa watu wengi ni sifa. Walisikia tu maji yakidondoka usiku kucha, au waliumwa na mbu mmoja, au walitafuta mahali pa kutundika taulo wasipaone.

Hapo ndipo ninapoona matumaini kwa mwenye kipato kidogo. Vitu vinavyoshusha nyota kutoka tano hadi nne ni vidogo na vya bei nafuu. Raba ya koki hubadilishwa kwa dakika chache baada ya kufunga maji. Tundu la chandarua hushonwa. Kulabu sita za shaba nyuma ya mlango na bafuni, kioo kilichowekwa penye mwanga, rafu ya ubao karibu na kitanda ya kuweka simu na miwani, soketi inayofikika mtu akiwa amelala: haya si mambo ya kukopea. Ni mambo ya kulala mwenyewe katika chumba hicho usiku mmoja kama mgeni, ukiwa na daftari, na kuandika kila kilichokusumbua. Familia nyingi hazijawahi kulala ndani ya chumba zinachokipangisha.

Hewa kabla ya kiyoyozi

Pwani yetu ina joto lenye unyevu, hasa kaskazi inapotawala kuanzia Desemba hadi Machi, na hiyo ni miongoni mwa miezi ya wageni wengi. Wengi hukimbilia kiyoyozi. Tazama mizani. Feni ya darini hutumia wati kama 70. Kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja hutumia wati kama 1,000 kinapopoza. Kwa saa tisa za usiku, feni haifiki uniti moja. Kiyoyozi, hata mashine ikipumzika nusu ya muda, hula uniti nne na nusu, yaani mara saba ya feni. Katika chumba cha mabati kisicho na dari, chenye madirisha yasiyofunga vizuri, mashine hiyo haipumziki hata robo. Mwenye nyumba anayepangisha kwa bei ya chini hujikuta ananunua umeme kwa fedha ya mgeni, huku hewa ya chumvi ikiitafuna mashine iliyotundikwa nje.

Kabla ya kununua ubaridi, zuia joto lisiingie na lipe njia ya kutoka. Paa la bati likipakwa rangi nyeupe inayofaa kwa bati hurudisha jua lilikotoka. Kazi ya asubuhi mbili kwa mtu anayeweza kupanda ngazi salama. Dirisha moja likifunguliwa hewa haitembei. Inahitaji tundu la kuingilia na la kutokea, na ikiwezekana la kutokea liwe juu zaidi. Waliojenga nyumba za kale za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja walijua hilo bila umeme: kuta nene za mawe ya matumbawe, dari ndefu, ua wa wazi katikati unaovuta hewa, na baraza yenye kivuli mbele. Hatuwezi kuzijenga upya nyumba hizo kwa fedha ya kikoba, lakini tunaweza kuiga akili yake. Pazia la ukindu upande wa magharibi huzuia jua la alasiri. Fremu nyepesi za mbao zilizopigwa wavu wa mbu hufanya dirisha liweze kuachwa wazi usiku kucha. Kisha feni yenye kasi tatu, isiyolialia, juu ya kitanda. Na chandarua cha mraba, kirefu cha kutosha kuchomekwa chini ya godoro pande zote, kisicho na tundu hata moja.

Nasisitiza kinga ya mbu kwa sababu nyingine pia. Mombasa ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2013 na tena 2017. Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Mbu wa dengi huuma mchana na huzaliana katika maji yaliyotuama, hata yale ya kwenye chungu cha maua na tangi lisilo na mfuniko. Kufunika tangi vizuri ni kazi ya saa moja. Inamkinga mgeni, na inawakinga watoto wa nyumba hiyo, ambao hawaondoki siku ya nne kurudi Ulaya.

Kuhusu maji yenyewe, pwani ina tatizo lake. Visima vingi vina chumvi, na bomba la mji halina uhakika. Tangi la lita 1,000 juu ya mnara mfupi ni ununuzi wa kwanza kabisa kwa asiye nalo, kabla hata ya kitanda kipya, kwa sababu nyumba bila maji haipangishiki kwa bei yoyote. Likiwa jeusi na likikaa juani, jioni hutoa maji vuguvugu ya kuoga bila hita. Anayetaka hita ya papo hapo akumbuke kwamba maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi. Anunue ile iliyotengenezwa kwa maji hayo, na aifunge fundi umeme mwenye leseni, yenye waya wa ardhi. Hapa sitaki mtu ajaribu mwenyewe. Kazi ya umeme, gesi na nguzo zinazobeba paa si mahali pa kubania fedha. Anayeokoa kwenye rangi anaokoa ili aweze kumlipa fundi huyo.

Chokaa na saruji

Kwa wale wenye nyumba za mawe, na Lamu, Unguja, Pemba na Mombasa bado wapo wengi, kuna kosa moja linalokula mifuko yao mwaka baada ya mwaka. Ukuta ukimenyeka, fundi hupiga lipu ya saruji, kisha rangi ya mafuta inayong'aa. Kwa miezi kadhaa unapendeza. Halafu unavimba, unatoa unga mweupe, na lipu inaanguka vipande vipande juu ya kitanda. Mwenye nyumba humlaumu fundi, fundi huilaumu saruji ya siku hizi. Chanzo ni kwamba jiwe la matumbawe lina vinyweleo na chumvi, na unyevu hupanda ndani yake kutoka ardhini. Chokaa huuachia unyevu huo upumue na kutoka. Saruji na rangi ya mafuta huufungia ndani, na chumvi inapoganda nyuma ya lipu huisukuma mpaka inabanduka.

Dawa ni kurudi kwenye chokaa, na chokaa ni kazi ambayo familia inaweza kujifunza. Saruji iliyolegea hung'olewa polepole, ukuta huachwa ukauke, mashimo huzibwa kwa chokaa na mchanga uliooshwa usio na chumvi. Kisha chokaa ya unga ya dukani, ile ambayo tayari imezimwa, huchanganywa na maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa, ikalazwa usiku mmoja na kuchujwa. Ukuta hunyunyiziwa maji, ndipo hupakwa tabaka jembamba. Likiwa bichi huonekana kama si kitu. Likikauka huwa jeupe. Siku inayofuata tabaka jingine, hadi yafike manne au matano. Anayeharakisha kwa kupaka zito huona linapasuka. Chokaa huchoma macho na ngozi, kwa hiyo glavu na miwani ni lazima, na watoto wakae mbali. Mawe ya chokaa yasiyozimwa, yanayochemka yakiguswa na maji, yaachiwe mzoefu.

Watu hulalamika kwamba chokaa huchafua nguo. Ni kweli, na wahenga wa nyumba hizo walikuwa na jibu: kitambaa au mkeka hutundikwa ukutani penye kuegemewa. Mkeka wa ukindu nyuma ya kitanda, au doti ya kanga iliyonyooshwa kwenye fremu, hukinga shuka na hupamba chumba kuliko mkanda wa taa za rangi. Na ninaomba sana, mwenye nyumba ndani ya Mji Mkongwe asibomoe wala kuongeza kitu kabla ya kuiona Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mji huo umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu tangu 2001. Wageni wanaosafiri mbali kuja kulala humo wanaufuata ukuta ule ule ambao sisi tunauonea haya.

Nyumba za matofali ya saruji hazina haja ya yote hayo; rangi ya maji ya kawaida inatosha. Kinachozisumbua zote ni chumvi ya hewa. Misumari, bawaba na makomeo ya chuma cha kawaida huoza baada ya msimu mmoja wa kusi, na madoa ya kutu hushuka ukutani. Shaba, au chuma kisichoshika kutu, ni ghali dukani lakini huwekwa mara moja. Rahisi ghali. Taa nazo zichaguliwe kwa kusoma boksi: balbu iliyoandikwa 2700K au 3000K hutoa mwanga wa njano unaotuliza, ile ya 6500K hutoa mwanga mweupe mkali wa dukani. Bei haitofautiani sana, lakini chumba hubadilika kabisa.

Mkopo, masika na kaya

Watu hudhani ninabishana kuhusu ladha, kama kwamba siipendi jipsamu. Hoja yangu ni deni. Aprili na Mei mvua za masika hunyesha, wageni hupungua, hoteli nyingi za pwani hufunga milango. Marejesho ya mkopo hayafungi. Familia iliyokopa kwa ajili ya vigae hulipa miezi hiyo kutoka kwenye mwani wa mama, kwenye samaki wa baba, au kwenye ada ya mtoto. Tuliona hali mbaya zaidi mwaka 2020, Kenya ilipositisha safari za ndege za kimataifa kuanzia Machi hadi mwisho wa Julai. Aliyekuwa ametengeneza nyumba yake kidogo kidogo kwa fedha aliyokuwa nayo alikaa bila mapato. Aliyekopa alikaa bila mapato na akidaiwa. Je, ni busara kuweka dhamana kiwanja cha urithi kwa ajili ya dari?

Kuna wanaosema kwamba kujifanyia mwenyewe ni kumnyima fundi riziki. Sikubaliani, ingawa naiheshimu hoja. Fedha isiyokwenda kwenye mkanda wa taa uliokuja kwa meli inaweza kwenda kwa seremala wa mtaani atakayetengeneza kitanda kisicholia, kwa msusi wa mikeka, kwa fundi cherehani atakayeshona foronya na mapazia, kwa fundi umeme atakayekagua waya zote. Fundi wa kijiji ana kazi nyingi zaidi katika nyumba kumi zinazotengenezwa kila mwaka kidogo kuliko katika nyumba moja iliyorembwa mara moja ikamfilisi mwenyewe.

Pingamizi zito zaidi ni la wapangaji. Kila chumba kinachogeuzwa cha mgeni wa usiku ni chumba kimoja pungufu kwa mwalimu au muuguzi anayetafuta pa kukaa, na katika Mji Mkongwe na Lamu jambo hilo linauma. Sina jibu la kulifuta. Ninachosema ni kwamba kuna tofauti kati ya tajiri anayenunua nyumba nzima na kuwahamisha waliomo, na familia inayopangisha chumba kimoja huku yenyewe ikibaki kuishi uani. Njia ya pili huifanya familia isiuze nyumba yake. Na kadiri gharama za kuanza zinavyopandishwa kwa ushindani wa urembo, ndivyo familia hizo zinavyoshindwa na tajiri anabaki peke yake sokoni. Kutetea matengenezo ya bei nafuu ni kutetea nafasi yao.

Kuna pia tengenezo lisilogharimu hata senti, nalo ni ukweli katika tangazo. Msikiti upo karibu na adhana ya alfajiri husikika: andika. Umeme hukatika mara kwa mara, na kuna taa ya sola mezani: andika. Maji ya bafuni yana chumvi kidogo, ya kunywa yamo kwenye mtungi: andika. Hakuna kiyoyozi, kuna feni na upepo wa bahari: andika hilo kwanza kabisa. Atakayekuja baada ya kusoma hayo amechagua, na hatakuwa na la kushangaa. Ambaye hayapendi ataenda kwingine, na nyota zake nne zitaenda naye.

Lawama zote siziweki kwa familia. Wapo wenye mamlaka wanaodai leseni na ada kwa mwenye chumba kimoja, lakini hawamfundishi lolote. Kaunti za pwani ya Kenya na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar zina vyuo vya ufundi. Somo la chokaa litolewe humo pia, la wiki mbili, kwa wanaume na wanawake, likifundishwa na wale mafundi wazee wanaoijua kazi hiyo tangu ujana wao, nao walipwe kama walimu. Pamoja nalo kuwe na siku chache za kubadilisha raba za koki, kutengeneza fremu za nyavu, kukata na kushona chandarua. Mei ndio mwezi wake: vyumba vitupu, mafundi hawana kazi, na mvua inaonyesha yenyewe paa linavuja wapi. Juni kuta zikianza kukauka, kila mwanafunzi akaanze na chumba cha kwao.